Nusu Hatua ya Baba

Nyumbani kwangu kuna kabati la vioo lililojaa kamera za kale, na mume wangu hulisalimia kila akirudi kazini. Husimama mbele yake, akaliuliza kama limeshinda salama, ndipo aje kunisalimia mimi. Anadai kabati hilo ni mume mwenzake, na kwamba halionei wivu kwa kuwa anajua linakolala. Mimi humjibu kwamba walau kabati halikoromi.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Mchana nashughulika na meno ya watu, jioni nashughulika na macho ya kamera, na vifaa ni karibu vile vile: koleo ndogo, brashi laini, taa kali, kioo cha kukuzia. Napenda kamera ambazo watu wameshazikatia tamaa. Zipo za kukunja, zinazofunguka na kutoa harufu ya ngozi kuukuu. Zipo ambazo ukibonyeza husaga meno kwanza, zikafikiri, ndipo zipige. Lenzi iliyosahaulika gizani kwenye unyevu huota kuvu, nyuzi nyeupe nyembamba zinazotambaa ndani ya kioo, na sijui raha inayozidi kufungua pete, kukidondosha kioo kwenye kitambaa, kukipangusa taratibu, kisha kukiinua na kuona dirisha zima limo ndani yake. Wengine hupumzika kwa kulala. Mimi hupumzika hivyo.

Ugonjwa huu niliutoa kwa baba. Baba alikuwa fundi wa mizani, zile za madukani na sokoni, na watu wakamwita Bwana Mizani. Jina lilimkaa, kwa sababu hata nyumbani alipima kila kitu, maneno yakiwemo. Alikuwa na alama yake: mistari miwili midogo na nukta katikati. Kila kitu alichokifungua na kukitengeneza alikikwaruza alama hiyo kwa ncha ya sindano, mahali pasipoonekana, na maana yake ilikuwa moja tu: nimefungua, nimekagua, iko sawa. Pasi yetu ilikuwa nayo. Redio pia, na kitasa cha mlango, na cherehani ya mama. Kisichokuwa sawa hakikuipata. Baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, aliwahi kumwomba aipitishe mizani ya duka lake iliyokuwa ikipunja kidogo tu, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Baba alimaliza chai yake, akasema hapana. Walikaa bila kusalimiana mpaka sisi watoto tukasahau walichogombania.

Siku za mapumziko alitupiga picha. Kamera yake ilikuwa ya macho mawili, moja juu ya jingine: la juu la kulengea, la chini la kupigia. Unaishika kifuani, unainamisha kichwa, unamwona mtu wako kwenye kioo kidogo juu ya boksi. Baba alilenga kwa muda mrefu mpaka tukaanza kuchoka, kisha, baada ya kulenga, alirudi nyuma nusu hatua, akabonyeza. Kila picha, nusu hatua. Tulimcheka. Dada yangu mkubwa aliigiza hatua hiyo mbele ya wageni mpaka wakashika mbavu. Tulidhani ni madoido yake tu, kama wale wanaogonga meza kabla ya kucheza karata.

Na picha zenyewe sijawahi kuona mfano wake. Katikati kila kitu ni kikavu na wazi, unaweza kuhesabu nyuzi za shati, lakini kadiri jicho linavyokwenda pembeni vitu vinaanza kulainika na kuzunguka, kama maji ya beseni mtu akitia mkono na kuyakoroga. Katikati hapo daima alikuwepo mama, kwenye kiti chake cha dirishani. Sisi tuliwekwa kandokando. Mimi utoto wangu wote sina masikio. Dada ana nusu shavu, na kuna paka mmoja aliyegeuka moshi. Lakini mama yupo, kijana, mtulivu, anamtazama mpigaji, na dunia nzima imempisha.

Baba alipofariki nilianza kuitafuta kamera ile. Mama alisema ilipotea zamani, wakati tulipohama, na akaanza kupanga nguo ambazo zilikwisha kupangwa. Basi nikatafuta nyingine ya aina ile ile. Nilijua aina, nilijua lenzi, na nilizungumza na wauzaji wa kila namna. Mmoja alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akaniapia kwamba lenzi za toleo la kwanza ndizo zilizokuwa na mzunguko ule, na yake ilikuwa ya toleo la kwanza. Nikainunua. Nikanunua nyingine, na nyingine. Mume wangu anaziita mapacha, na anauliza mimba hii itakwisha lini. Zote zinapiga picha safi kutoka pembe hadi pembe, kila mtu ana masikio yake, na kila nilipotoa picha kwenye chumba cha giza cha kusafishia filamu nilitamani kulia.

Mtu wa kamera anayesoma haya ameshaniona mjinga. Anajua, kama ninavyojua, kwamba kioo cha mbele cha lenzi kikirudishwa kinyumenyume, upande uliobinuka ukatazama ndani, picha hufanya hivyo hasa. Ni kosa la kila anayejifunza, hata mimi nimelifanya. Nililiwaza mapema kabisa, nikalifuta. Nani akigeuze? Bwana Mizani? Yule aliyepima hata urefu wa kivuli cha mlango? Niliona ni kumkosea adabu marehemu.

Kilichonitia haraka ni mama mwenyewe. Tangu baba aondoke alikataa kupigwa picha. Simu ikiinuliwa tu, kiganja kinaenda usoni. Katika picha zote za wajukuu, bibi yao ni kiganja. Alisema simu zinampiga kama vile anatafutwa na polisi. Nilimbembeleza kwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni, hakutoka. Na sasa dada alikuwa anamchukua akaishi naye, mbali, kwa sababu magoti yalikuwa yamegoma na ngazi za nyumba ile hazikuwa na huruma. Nyumba ilikuwa inarudishwa kwa mwenyewe. Kile kiti, lile dirisha, mwanga ule wa mchana unaoingia kwa upande, vyote vilikuwa vinakwisha mwisho wa wiki. Nilitaka picha moja ya mama pale, basi. Moja tu kama alivyokuwa akimpiga baba. Sikuwa na nyingine yoyote ya uzee wake, ila viganja.

Jumamosi tulikwenda kufungasha. Dada hufungasha kama jeshi linahama. Alishika jikoni na kuanza kutoa amri kupitia ukutani. Vyombo alivifunga kwa lile pazia la kijivu lililokuwa chumbani kwetu tangu tupate akili, zito, refu kuliko dirisha lolote la nyumba ile. Mimi nilipewa pembe ya cherehani.

Cherehani ya mama ni ya miguu, na chini yake kuna sanduku la mbao la vipande vya nguo. Nilianza kutoa vitambaa: bitana, mikanda ya sketi, mikono ya mashati ambayo hayakuzaliwa. Chini kabisa mkono ukagusa kitu kigumu kilichofungwa kwa flana na kushonwa, siyo kufungwa kwa kamba, kushonwa kabisa kwa uzi, kwa ile mishono ya mama midogo inayolingana. Nilijua kabla sijazikata nyuzi. Uzito wake naujua, nina mapacha wake kabatini.

Nilikaa sakafuni na kamera ya baba mapajani. Ngozi yake ilikuwa imechakaa pale vidole vya baba vilipozoea kukaa. Nitasema ukweli, machozi hayakuwa ya kwanza kuja. Hasira ndiyo ilikuja kwanza. Miaka yote ile, wauzaji wote wale, na kitu kimelala chini ya miguu ya mama akishona juu yake.

Nilipoinua kichwa mama alikuwa mlangoni, ameshika fremu ya mlango kwa sababu ya magoti.

"Rudisha ulipoitoa," akasema.

Nikamwambia alisema imepotea. Akasema ndiyo, alisema. Nikamuuliza anajua nimehangaika kiasi gani, na sauti yangu ikapanda, na dada akaja na mkanda wa kufungia maboksi mkononi kuuliza nani anamgombeza mama. Mama akatukata jicho sote wawili. Kisha akaja taratibu, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, ambacho kilikuwa karibu kitu pekee ambacho hakijafungashwa, akatwambia tukae. Tukakaa sakafuni kama tulivyokuwa tukikaa akitukata kucha.

Akaeleza. Dada alikuwa bado hajazaliwa, ila alikuwa njiani. Baba wakati huo alikuwa na mpango wa studio. Mizani ilikuwa kazi ya mchana, lakini moyo ulikuwa kwenye picha, na alishapata chumba kando ya karakana yake ya mizani. Mama alimshonea pazia la kusimamisha watu mbele yake. Hapo dada akalitazama lile la kijivu lililofunga vyombo. Baba akasafiri kwenda kukagua mizani za ghala fulani, naye kabla ya kuondoka alilalamika kwamba kuna doa linaingia kwenye picha, huenda ni uchafu ndani ya lenzi. Mama akaona amshangaze. Yeye ni mtu wa cherehani. Kufungua na kufunga vyuma hakujawahi kumtisha. Akafungua lile jicho la chini kwa ncha ya mkasi, pete ikatoka, kioo kikaangukia kwenye kitambaa na kubingirika, akakisafisha kwa pumzi na pamba kikang'aa. Ndipo akagundua kwamba hajui kilikuwa kimelala upande gani. Pande zote mbili zilikuwa zinang'aa sawa. Akachagua.

Kazi ya kwanza ya studio ilikuwa harusi. Baba alipiga picha siku nzima, na kwenye kile kioo cha juu kila kitu kilionekana vizuri, kwa sababu jicho la juu halikuguswa na mtu. Picha zilipotoka, bibi na bwana harusi walikuwa wazi kwa mbali, na wazazi wa pande zote mbili walikuwa hawana nyuso, wamezungushwa kama nguo kwenye maji. Baba wa bibi harusi hakuzichukua. Alisema maneno mbele ya watu, na maneno hayo yakatembea mtaani. Baba akamwomba radhi, akasema ni mkono wake umetetemeka. Hakurudi tena kwenye kile chumba. Pazia likaletwa nyumbani.

"Mkono wake haujawahi kutetemeka," mama akasema. "Mtu anayesawazisha mizani ya dhahabu, atetemeke mkono? Mimi ndiye. Mimi niliiua ile studio yake, na sikumwambia. Kila mwaka nilisema nitamwambia. Halafu akawa ananipiga mimi na kamera ile ile mbovu, ananipiga, ananipiga, na kila picha ikitoka ninaona mkono wangu humo. Alipokufa nikaishona, nisiione."

Dada akasema, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, kwamba jamani, ni kioo tu. Mama akamwambia hakikuwa kioo tu.

Mimi nilikuwa nimekaa na kamera mapajani, na hasira yangu yote imenitoka sijui imepitia wapi. Nilimtazama mama, vidole vyake vinakunja pindo la gauni na kulikunjua. Nikaelewa kile kiganja. Tulidhani anaficha makunyanzi.

Nikamwomba ruhusa niifungue. Akasema nifungue basi, nione alivyoiharibu, maana nimeitafuta sana. Sitembei bila vifaa vyangu. Mkoba wangu una koleo ya kufungulia pete za lenzi kama mikoba ya wengine ilivyo na vioo vya kujitazamia. Nikatandika kipande cha bitana nyeupe kwenye meza ya cherehani, nikasogeza karibu na dirisha. Pete ya kwanza ilitoka kwa shida kidogo. Ya pili, ile inayokishika kioo, ikazunguka kwa urahisi hata nikashangaa. Kioo kilikuwa kimegeuka. Nilikiona hata kabla sijakitoa: upande bapa ukitazama nje, mbinuko ukitazama ndani.

Nilikuwa karibu kumwambia hivyo, kwamba ni kweli, pole mama, ndivyo ilivyo. Nikaigeuza pete ili niiweke kitambaani. Ukingoni kwa ndani palikuwa na mkwaruzo mrefu, uliopinda, wa mkasi ulioteleza. Na juu ya mkwaruzo huo palikuwa na kitu kingine.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Nikaegemeza mkono kwenye meza nikatazama. Mistari miwili midogo na nukta katikati.

"Mama," nikasema, "vaa miwani yako."

Hakutaka. Dada akamletea, akamvisha mwenyewe kama mtoto. Nikamwekea pete kiganjani na kioo cha kukuzia juu yake, nikamgeuzia kwenye mwanga. Akatafuta. Niliona alipoupata mkwaruzo, kwa sababu uso wake ulijikunja. Aliutambua mkasi wake. Kisha akaisogeza pete karibu zaidi na miwani.

Nikamweleza polepole, kwa sababu nilitaka alisikie kila neno. Kwamba mkasi ulipita kwanza, na alama ikaja baadaye, kwa sababu mistari ya baba imepita juu ya mkwaruzo na kuukata, inaonekana wazi. Kwamba basi baba alifungua baada yake. Alikiona kioo kimelala kinyume. Haiwezekani asikione, yeye. Aliuona mkwaruzo wa mkasi, na nyumbani palikuwa na mkasi wa mtu mmoja tu. Kukigeuza kioo kungemchukua muda wa kunywa maji. Hakukigeuza. Alikirudisha kama kilivyokuwa, akafunga, na akaweka alama.

Jikoni bomba lilikuwa linadondosha maji, lile ambalo baba alikataa kulipatia alama mpaka anakufa.

"Aliweka alama," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alimnyima ndugu yake."

"Alimnyima."

Akaendelea kuitazama pete. Mama yangu si mtu wa kulia mbele ya watoto, alitufundisha hata sisi kulia tukiwa tunaosha vyombo. Alilia wazi, bila kujifuta, kamasi na kila kitu, na akatwambia kati ya kwikwi kitu ambacho hakuwahi kutwambia. Kwamba siku moja baada ya ile harusi, dada akiwa tumboni bado, baba alimpiga picha kwenye kiti hicho hicho, akairudisha kutoka chumba cha giza ikiwa bado mbichi, akaiweka mbele yake na kusema, "Tazama, vyote vimekaa pembeni, umebaki wewe." Mama alidhani anamfariji kwa kamera kuharibika. Alijibu kwamba chakula kiko mezani.

Kama aliiacha studio kwa ajili ya hilo, au alikuwa ameshachoka kuwapendezesha watu wasiopendezeka, sijui. Mama naye hajui. Ila hatukuhitaji kujua kwa siku ile. Dada alikuwa amekaa juu ya boksi la sahani, na tulilisikia likilalamika, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Baadaye mama akaninyooshea pete. Akataka kujua kama kamera bado inafanya kazi. Nikasema kuvu ni kidogo na shata, kile kilango cha kuingizia mwanga, bado inafyatuka, nikisafisha itapiga leo leo. Nikamuuliza, kwa sababu ilibidi kuuliza, kama anataka nikigeuze kioo kilale sawasawa.

Alinitazama kama nimetukana.

Basi nikakisafisha, nikakirudisha upande ule ule. Kabla ya kutia filamu nilitaka kuhakikisha. Nilifungua mgongo wa kamera, nikaomba kipande cha ile karatasi laini mama anayonakilia mishono, nikakibandika pale filamu inapokaa. Kwa njia hiyo unaona kile ambacho filamu ingekiona. Mama akiwa kitini, nikamlenga kwa jicho la juu mpaka nikahesabu kope zake. Kisha nikachungulia nyuma kwenye karatasi. Alikuwa ukungu, katikati na pembeni, kote. Nikalenga tena, ukungu tena. Nikaanza kutoka jasho. Niliwaza kwamba nimeharibu kitu, kwamba katika ukoo huu kila mwanamke atakayeigusa kamera hii ataivunja. Ndipo fundi aliyemo ndani yangu akaamka. Jicho la chini lina kioo kilichogeuka, la juu halina. Hayaoni tena mahali pamoja. Ukilenga kwa la juu, la chini linamtaka mtu awe mbali zaidi kidogo.

Nikarudi nyuma. Siyo sana. Kwenye karatasi, juu chini kama picha zinavyokuwa humo, uso wa mama ukakusanyika taratibu ukawa wazi, na chumba chote kikaanza kumzunguka.

Nilisimama pale nikicheka peke yangu, na machozi yananidondokea kwenye kamera, jambo ambalo ningemkemea mtu mwingine yeyote. Dada akauliza kuna nini. Nikamwambia aigize ile hatua ya baba. Akanitazama kama nimerukwa na akili, kisha akainuka kwenye boksi lake, akainamisha kichwa kifuani, akanyamaza kwa madaha, akarudi nyuma nusu hatua. Na yeye mwenyewe akaelewa akiwa bado mguu uko nyuma. Akauacha hapo hapo.

"Kila picha," akasema.

Kila picha, maisha yetu yote, mbele ya macho yetu, alikuwa akirekebisha kwa mguu kile ambacho angeweza kukirekebisha kwa koleo.

Filamu ninayo daima mkobani. Nilipoitia, mama aliomba kitana, akajitengeneza nywele, akafuta uso kwa pindo la pazia la kijivu. Dada akalitoa pazia lote kwenye vyombo, akataka kulitundika nyuma yake. Mama akakataa, akasema dirisha linatosha, ila alilikunja na kuliweka mapajani. Dada akauliza yeye akae wapi.

"Pembeni," mama akasema. "Ulipokuwa siku zote."

Dada akaenda pembeni, akakubali kupoteza masikio. Nikainamisha kichwa. Kwenye kile kioo kidogo alikuwepo mama, mzee, macho mekundu, mikono juu ya pazia, na kiganja hakikuinuka. Nililenga kwa muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikaanza kurudi nyuma, kisigino kikagonga boksi la sufuria, na dada akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameacha kunitazama usoni, anautazama mguu wangu, na aliutazama vile vile mpaka nikalisukuma boksi, nikamalizia ile nusu hatua, nikabonyeza.